Seva Yako Haijaishiwa na Memori: Form Yote ya Keshi ya Faili kwa Seva ya Databesi

Kama umewahi kushika seva ya databesi, hii stori unaijua. Ni saa tano usiku, tovuti inavuta mguu, mdosi anapiga simu. Unaingia kwa seva, unaandika free -m, alafu macho inakutoka. Seva iko na GB 16 ya RAM, lakini chini ya neno "free" kuna MB 210 pekee. Akili inakwambia memori imeisha.

Zii. Mara nyingi haijaisha. Hiyo memori imeshikwa na keshi ya faili, na hiyo keshi ndio inafanya databesi yako bado inatembea. Noma ni venye wasee wengi wakiona hiyo namba hukimbilia mambo mawili: wanafagia keshi, ama wanaambia mdosi anunue seva kubwa. Ya kwanza inaharibu kazi, ya pili inachoma doh bure.

Hapa tumekuwekea kila kitu mahali pamoja: keshi ni nini, unaisoma aje, unaigawa aje na databesi, na ni dalili gani zinaonyesha memori imeisha kweli. Mifano ni ya Linux, ju ndio inaendesha seva nyingi, na databesi ni PostgreSQL na MySQL.

1. Keshi ya faili ni nini

Databesi yako ni mafaili kwa diski. Kila mara programu inasoma faili, kerneli ya Linux huchukua kipande cha hiyo faili na kukiweka kwa RAM. Kila kipande kinaitwa ukurasa, na kwa seva nyingi ukurasa mmoja ni KB 4. Mtu akiuliza hicho kipande tena, kerneli haiendi kwa diski. Inatoa kwa RAM.

Fikiria kibanda cha chapo. Unga iko stoo, lakini mama ameweka chapo zilizoiva karibu na mkono, ju anajua saa saba watu watakuja. Sufuria ikijaa, hawezi kusema kibanda kimeishiwa na nafasi. Amejipanga tu.

Kwa nini hii inajalisha hivo? Ju diski iko mbali sana na RAM kwa mwendo. Kusoma kitu kwa RAM huchukua kama nanosekunde 100. Kwa SSD ya kawaida ni karibu maikrosekunde 100. Kwa diski ya zamani ya kuzunguka ni karibu milisekunde 10. Hizo namba ni ndogo hadi hazishiki kichwani, so tuzikuze. Tuseme RAM inachukua sekunde 1. Basi SSD itachukua kama dakika 16, na diski ya kuzunguka itachukua zaidi ya siku nzima, masaa kama 27. Sasa unaona venye databesi ikikosa keshi inageuka konokono.

Linux huangalia RAM ambayo haifanyi kazi kama hasara. So yenye imebaki inajazwa na keshi mos mos hadi karibu yote iishe. Programu ikihitaji memori, kerneli inatupa kurasa safi za keshi na kuipatia nafasi saa hiyo hiyo. Hakuna mtu anahitaji kuiomba.

2. Kusoma free bila kudanganywa

Ukiandika free -m kwa seva ya PostgreSQL yenye GB 16, unaweza kuona kitu kama hii:

total 15990, used 1480, free 210, shared 4150, buff/cache 14300, available 9900

Wengi huangalia "free" pekee. Hiyo ndio namba ya kukutisha bure. Maana yake ni memori yenye haina kazi yoyote kabisa, na kwa seva yenye imekaa siku kadhaa ikifanya kazi ni kawaida iwe ndogo.

Namba ya kuangalia ni "available". Hiyo ni makadirio ya kerneli yenyewe: nikiulizwa memori mpya saa hii, naweza kutoa ngapi bila kuingia kwa swapu? Kerneli ilianza kutoa hii hesabu kutoka toleo la 3.14 la mwaka wa 2014. Kwa mfano wetu kuna karibu GB 9.9. Hiyo seva iko fiti.

Kuna mtego moja hapa wenye hata watu wazoefu huukanyaga. Angalia "shared" iko 4150. Hiyo ni memori ya PostgreSQL yenyewe, ile inaitwa shared_buffers, na Linux huihesabu ndani ya "buff/cache". So si kila kitu kwa "buff/cache" kinaweza kutupwa. Ukijumlisha "free" na "buff/cache" ukidhani hiyo yote ni akiba, umejidanganya na GB 4. Tumia "available", hapo hesabu imeshafanywa.

3. Kufagia keshi: wacha kabisa

Kuna amri moja inazunguka sana kwa vikundi vya mayut wa seva:

sync, echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches

Ukiandika 1, kerneli inatupa kurasa za keshi ya faili. Ukiandika 2, inatupa kumbukumbu ya majina ya mafaili na folda. Ukiandika 3, inatupa zote mbili. Haiharibu data, ju inatupa kurasa safi pekee, zile zenye tayari ziko kwa diski. Baada ya hapo "free" inaruka juu na unajisikia umefanya kazi.

Hujafanya kitu. Umemwaga chapo zote saa saba kasoro dakika tano. Kila swali lenye programu itauliza databesi sasa lazima liende kwa diski, hadi keshi ijae tena. Maelezo rasmi ya kerneli yenyewe yanasema hii kitu haifai kutumika nje ya majaribio na kutafuta makosa.

Hii nimeikanyaga mwenyewe, so sichekelei mtu. Kabla nianze kuandika nilikuwa naangalilia seva ya biashara moja ndogo ya mtandaoni. Niliona "free" iko chini, nikaiweka hiyo amri kwa cron iwe inajiendesha kila saa. Nilijiona mjanja. Wiki mbili zilizofuata wateja walikuwa wanalia tovuti inakwama, na tulikuwa tumeanza kupigia hesabu seva ya bei mara mbili. Siku moja nikaketi na kuandika saa za kila malalamiko. Zote zilikuwa zinaanza juu ya alama, saa kamili, alafu zinaisha dakika kadhaa baadaye. Nilifuta mstari moja kwa cron na shida ikaisha. Seva kubwa haikununuliwa. Sikuwahi kumwambia mdosi ni mimi niliiweka.

Kazi ya halali ya drop_caches ni moja: unapima kasi ya databesi na unataka kila jaribio lianze likiwa baridi. Kwa seva yenye watu wanaitumia, iache.

4. Nani anashika RAM: databesi ama kerneli?

Hapa ndio uamuzi mkubwa uko. Databesi nyingi ziko na keshi yao ya ndani, juu ya ile ya kerneli. Usipopanga, kipande kimoja cha data kinakaa mara mbili kwa RAM: mara moja kwa databesi, mara moja kwa kerneli. Unalipia GB 16 na unatumia kama GB 10.

PostgreSQL hutegemea kerneli. Inasoma na kuandika kupitia keshi ya faili, so imeundwa kushirikiana nayo. Mpangilio wa shared_buffers ukiuacha venye ulikuja ni MB 128, kidogo sana kwa seva ya ukweli. Maelezo rasmi ya PostgreSQL yanasema kwa seva yenye kazi yake ni databesi pekee, na iko na GB 1 ya RAM ama zaidi, anza na asilimia 25. Yanaongeza kwamba kuvuka asilimia 40 mara nyingi hakusaidii kuliko kiasi kidogo. Sababu ni hiyo ya kushirikiana: ukiinyang'anya kerneli RAM yote, unaua keshi yenye PostgreSQL yenyewe inategemea.

Kuna mpangilio mwingine, effective_cache_size. Huu hauchukui memori hata baiti moja. Ni ujumbe tu kwa ile sehemu ya PostgreSQL inapanga njia ya kujibu swali: "ukijumlisha shared_buffers na keshi ya kerneli, kadiria uko na hii kiasi." Ukiiacha chini sana, PostgreSQL inaogopa kutumia indeksi ikidhani kila kitu kiko kwa diski. Nusu hadi robo tatu ya RAM ni mahali pazuri pa kuanzia.

MySQL na InnoDB ni stori tofauti. InnoDB inataka kushika RAM yenyewe. Mpangilio wa innodb_buffer_pool_size pia huanza na MB 128, na kwa seva ya databesi pekee unaweza kuupandisha hadi karibu asilimia 80 ya RAM. Ili data isikae mara mbili, weka innodb_flush_method iwe O_DIRECT. Hiyo inaambia InnoDB ipite kando ya keshi ya kerneli ikisoma na kuandika mafaili ya data. Kutoka MySQL 8.4, Linux ikikubali, hiyo ndio chaguo la kawaida. Kama uko kwa toleo la zamani, iandike mwenyewe.

Kaa rada na meza za zamani za MyISAM. MyISAM huweka indeksi pekee kwa keshi yake, data yote inaachia kerneli. Ukiwa na MyISAM nyingi alafu upatie InnoDB asilimia 80, hizo meza zitasota.

MongoDB iko katikati. Injini yake ya WiredTiger, usipoigusa, huchukua nusu ya RAM baada ya kutoa GB 1, ama MB 256 kama hiyo ndio kubwa. Zenye zimebaki zinatumika na keshi ya kerneli.

So swali la kwanza kabla uguse namba yoyote: databesi yangu hutegemea kerneli, ama hujitegemea? Msee akikopi mpangilio wa asilimia 80 kutoka MySQL na kuuweka kwa PostgreSQL, anajichimbia shimo.

5. Hesabu ya seva ya GB 16

Tuchukue PostgreSQL, seva ya GB 16, hakuna kitu kingine ndani.

shared_buffers: GB 4. Hiyo ni asilimia 25.

effective_cache_size: GB 11. Kumbuka hii ni makadirio tu.

work_mem: hapa ndio watu huanguka. Hii ni memori ya kupanga na kuunganisha data, na inaanza na MB 4. Msee anasoma mahali kwamba kuiongeza inaleta kasi, anaweka MB 64. Lakini max_connections iko 100. Mara moja kwa kila mtu ni GB 6.4, na swali moja lenye limechanganyika linaweza kuchukua hiyo kiasi mara kadhaa. Ukijumlisha na zile GB 4 za kwanza, keshi ya faili imekufa na memori imeisha ukweli. Acha work_mem iwe ndogo kwa wote, alafu ipandishe kwa ile ripoti moja nzito pekee.

Zenye zimebaki, GB 8 hadi 10, ni za kerneli. Usiziguse. Hizo ndio keshi.

Kama kwa hiyo seva pia kuna tovuti, PHP, na vitu zingine, punguza kwanza memori ya hizo alafu ndio uhesabu asilimia. Asilimia 25 na 80 ni za seva yenye databesi inaishi peke yake.

6. Swapu: weka, lakini isipende

Memori ikibana, kerneli iko na njia mbili za kupata nafasi. Inaweza kutupa kurasa za keshi ya faili, ama inaweza kuchukua memori ya programu na kuihamisha kwa diski, yaani swapu. vm.swappiness ndio inaamua iegemee wapi. Kawaida ni 60.

Kwa seva ya databesi, 60 iko juu. Inawezekana kerneli ihamishe kipande cha shared_buffers ama cha InnoDB kwa diski ndio ipate nafasi ya keshi ya bakapu yenye hakuna mtu ataisoma tena. Databesi ikirudi kutafuta hicho kipande ikidhani kiko kwa RAM, inakwama.

Weka 1, ama 10 ukitaka kuwa mpole. Andika vm.swappiness = 1 kwa faili ndani ya /etc/sysctl.d/, alafu endesha sysctl --system. Ukiweka 0, kerneli itakataa kuswapu hadi hali iwe mbaya sana, na hapo unaweza kukutana na OOM, tutafika hapo.

Usiondoe swapu yote kwa hasira. Swapu ndogo inakupatia muda wa kuona shida inakuja kabla prosesi zianze kuuawa.

7. Kurasa chafu: kwa nini seva hukwama ghafla

Hadi sasa tumeongea kusoma. Kuandika nako kuko na stori yake. Programu ikiandika kwa faili, kerneli huweka hiyo data kwa keshi kwanza na kusema "poa, nimepata". Huo ukurasa unaitwa mchafu hadi ufike kwa diski.

Mipaka iko miwili. vm.dirty_background_ratio, kawaida 10, inasema kurasa chafu zikifika asilimia 10 ya memori yenye inapatikana, anza kuziandika kwa diski polepole. vm.dirty_ratio, kawaida 20, inasema zikifika asilimia 20, kila prosesi inayoandika isimame na isaidie kumwaga.

Asilimia zilikuwa sawa wakati RAM ilikuwa kidogo. Sasa piga hesabu ya seva ya GB 64. Asilimia 20 inaweza kukaribia GB 12. Diski yako ikiandika MB 200 kwa sekunde, kumwaga hizo GB 12 ni dakika nzima. Hiyo dakika, mteja amebonyeza kulipa na skrini inazunguka tu. Grafu ya CPU iko chini, kila kitu kinakaa sawa, lakini databesi imeganda.

Dawa ni kutumia baiti badala ya asilimia:

vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 536870912

Ya kwanza ni MB 64, ya pili MB 512. Sasa kerneli inamwaga kidogo kidogo na mapema, badala ya kungoja mafuriko. Ukiweka za baiti, zile za asilimia zinajiweka sufuri, so usishtuke. Hizi namba ni za kuanzia, pima na diski yako.

Databesi kama hutumia O_DIRECT kwa data, hii inakugusa kidogo zaidi wakati wa bakapu na kumbukumbu za matukio kuliko data yenyewe.

8. OOM: wakati kerneli inachagua wa kudedi

Memori ikiisha kabisa, yaani keshi imetupwa yote na swapu imejaa, kerneli huua prosesi moja ndio seva isife. Na mara nyingi yenye ina memori kubwa zaidi ndio huchaguliwa. Kwa seva ya databesi, si unajua ni nani huyo.

Kwa PostgreSQL madhara ni makubwa. Prosesi ndogo moja ikiuawa kwa nguvu, prosesi mama haiwezi kuamini memori ya pamoja bado iko sawa. So inafunga miunganisho ya watu wote na kujirudisha upya. Msee mmoja ameitisha ripoti ya mwaka mzima, watu 99 wametupwa nje.

Kujua kama imetokea, andika dmesg alafu utafute "Out of memory". Ukiipata, huo ni ushahidi memori iliisha ukweli. Si hisia ya "free".

Maelezo ya PostgreSQL yanapendekeza vm.overcommit_memory = 2, yaani kerneli isiahidi memori yenye haina. Lakini usiweke hiyo peke yake. Kwa hali hiyo kerneli inaruhusu swapu yote pamoja na asilimia ya RAM yenye iko kwa vm.overcommit_ratio, na kawaida hiyo ni 50. Kama huna swapu, nusu ya RAM haitaahidiwa kwa programu na databesi inaweza kukataa hata kuwaka. Pandisha ratio kwanza.

9. Somo la 2018: keshi inaweza kukudanganya

Mwaka wa 2018 watu wa PostgreSQL waligundua kitu kilichowatoa jasho. Databesi ikitaka uhakika kwamba data imefika kwa diski, inaita fsync. Sasa, kwa Linux, diski ikikataa kuandika ukurasa mchafu, fsync inarudisha kosa. PostgreSQL ilikuwa inajaribu tena baadaye. Shida ni kwamba kerneli ilikuwa imeshaweka alama kwamba ule ukurasa ni safi. So fsync ya pili inasema kila kitu kiko sawa, na data haiko kwa diski. Imepotea kimya kimya.

Februari 2019 matoleo mapya yalitoka, kama 11.2, pamoja na marekebisho kwa matoleo ya zamani. Sasa fsync ikifeli, PostgreSQL inajizima makusudi na kurudi kwa kusoma kumbukumbu yake ya matukio. Kama bado unaendesha toleo la kabla ya hapo, panda. Na kama diski inatoa makosa kwa dmesg, usingoje mwisho wa mwezi.

10. Bakapu, kuwasha upya, na kontena

Bakapu husoma kila kitu mara moja, na inaweza kusukuma nje kurasa zenye watu wanatumia. Linux hujikinga kiasi kwa kuweka kurasa zilizosomwa mara moja kwa foleni tofauti. InnoDB nayo huweka data mpya katikati ya foleni yake, si mbele. PostgreSQL ikisoma meza kubwa kuliko robo ya shared_buffers, hutumia kipande kidogo cha KB 256 pekee. Lakini hiyo haimaanishi ufanye bakapu saa ya watu wengi. Fanya usiku, ama kutoka kwa seva ya nakala.

Ukiwasha seva upya, keshi yote imepotea na databesi iko baridi. Dakika za kwanza zitakuwa noma hata kama kila kitu kiko sawa. MySQL kutoka 5.7 huandika orodha ya kurasa za InnoDB ikizimwa na kuzirudisha ikiwaka. Kwa PostgreSQL kuna pg_prewarm, na kutoka toleo la 11 inaweza kufanya hivo yenyewe ukiiwasha. Usiwashe seva upya Ijumaa jioni ati "kuifreshisha". Unaipozesha.

Kama databesi iko ndani ya kontena yenye kikomo cha GB 4, keshi ya faili yake pia inahesabiwa ndani ya hizo GB 4. Hata seva mama iwe na GB 64, databesi yako inaishi kwa chumba kidogo.

11. Memori imeisha kweli? Angalia hizi

Kabla upigie mdosi, pitia hii orodha:

"available" kwa free iko chini sana na inazidi kushuka kila siku.

vmstat 1 inaonyesha namba kwa "si" na "so" sekunde baada ya sekunde. Hiyo ni swapu inaingia na kutoka. Sufuri mara nyingi ni poa.

iostat -x 1 inaonyesha diski inasomwa bila kupumzika, na ni data ile ile. Hiyo inamaanisha data yenye watu wanatumia sana imekuwa kubwa kuliko keshi.

/proc/pressure/memory, yenye iko kutoka kerneli 4.20, inaonyesha prosesi zinapoteza muda zikingoja memori.

dmesg iko na OOM.

Kwa MySQL, linganisha Innodb_buffer_pool_reads na Innodb_buffer_pool_read_requests. Ya kwanza ikiwa ndogo sana kwa ya pili, keshi inafanya kazi. Kwa PostgreSQL angalia blks_hit na blks_read kwa pg_stat_database, lakini kumbuka blks_read inaweza kuwa imetoka kwa keshi ya kerneli, si diski. So isome pamoja na iostat.

Ukipata mbili ama tatu za hizi pamoja, hapo sasa tafuta swali lenye linakula memori, ongeza indeksi, punguza work_mem. Vikikataa vyote, nunua RAM na roho safi.

Lakini kama kitu pekee umeona ni "free" iko MB 210, funga kompyuta ulale. Seva inafanya kazi yake.